"Mtandao Hakuna": Namna ya Kujua Njia Imekatika Wapi

Mwananchi anayefika kituo cha afya au ofisi ya kata kuomba namba ya malipo, akajibiwa "mtandao hakuna", huondoka bila huduma na bila kujua arudi lini. Kwa aliyetoka kijiji cha mbali, jibu hilo ni nauli na siku nzima iliyopotea. Makala hii inaeleza namna hitilafu ya mtandao inavyotafutwa, ili mtumishi aliye kituoni atoe taarifa sahihi na mwananchi ajue la kuuliza.

Tabora ni njia panda ya tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika Unyanyembe kabla ya kuendelea Ujiji. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Leo Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, nao unapita mkoani humu. Iwe msafara, iwe mkongo, mzigo usipofika swali la kwanza ni moja: umekwama kituo gani?

Katika ofisi, uchunguzi huanzia kwenye ruta. Kifaa hiki kina milango, ambayo mafundi huiita poti. Mlango wa ndani huunganisha kompyuta za ofisi. Mlango wa nje hutoka kwenda kwa mtoa huduma. Afisa TEHAMA huingia kwenye ruta na kuiamuru ionyeshe hali ya kila mlango. Kwa ruta za Cisco, amri hiyo ni "show ip interface brief". Hali hiyo husomwa katika safu mbili za majibu: ya kwanza huonyesha kama ishara inafika mlangoni, na ya pili kama pande mbili zinaelewana.

Safu zote mbili zikisomeka "up", mlango huo ni mzima, na hitilafu itafutwe mbele zaidi. Zote zikisomeka "down", hakuna ishara inayofika: huenda kebo imechomoka, kifaa cha upande wa pili kimekosa umeme, au mkongo umekatwa. Ya kwanza ikiwa "up" na ya pili "down", ishara ipo lakini mipangilio ya pande mbili haiafikiani. Yakionekana maneno "administratively down", mlango umefungwa kwa amri. Hapo kubadilisha kebo hakusaidii. Aulizwe kwanza aliyeufunga, na sababu yake ijulikane kabla ya kuufungua.

Upo pia mlango unaoonekana mzima ilhali mtandao unasuasua. Hapo huangaliwa hesabu ya makosa ya mlango husika. Ikiwa inaongezeka kila inapotazamwa, mara nyingi kebo imechakaa au kiungio cha mkongo kimeingia vumbi.

Faida ya vipimo hivi ni kujua nani aitwe. Mlango wa ndani ukiwa na hitilafu, kazi ni ya fundi wa ofisi. Ukiwa ni wa nje, na kebo pamoja na umeme wa ofisini viko sawa, mtoa huduma ajulishwe mara moja. Kukosea hapo ni kumsubiri fundi asiyehusika huku wagonjwa na wafanyabiashara wakiwa kwenye foleni.

Mtumishi asiye mtaalamu naye ana sehemu yake. Kabla ya kupiga simu, ahakikishe ruta ina umeme, kebo zimekaa imara, na taa za milango zinawaka. Aandike saa tatizo lilipoanza, na kama limekumba kompyuta moja au zote. Asiizime na kuiwasha ruta ovyo, kwa kuwa kumbukumbu za hitilafu zinaweza kufutika.

Wananchi nao wanakumbushwa kutochimba karibu na alama za mkongo kandokando ya barabara bila kuuliza, na kutoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa waonapo kebo iliyofukuliwa. Mwananchi akiambiwa "mtandao hakuna", ana haki ya kuuliza kwa upole: umekatika wapi, nani amejulishwa, na arudi lini?