Fiqhi ya Kununua: Laptopu ya Dukani au ya Mtandaoni?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu, kaka na dada, somo letu la toleo hili linatokana na swali linalorudi kila mwanzo wa muhula, watu wakiwa wametoka kuswali Alasiri: "Nataka kununua laptopu. Niende dukani au niagize mtandaoni?" Muulizaji huwa anatafuta bei. Lakini swali lake lina mlango mzima wa fiqhi ndani yake, nao ni mlango wa mauziano.

Tuchukue mfano. Dada yetu wa mwaka wa kwanza anasoma Mbale. Baba yake ameuza kahawa ya msimu mzima kule mlimani Elgon, akamkabidhi shilingi 1,200,000. Fedha nyingine hazipo mpaka mavuno yajayo. Duka moja la mjini lina laptopu iliyotumika kwa bei hiyo hiyo. Kwenye simu yake ameona tangazo la muuzaji wa Kampala: picha nzuri, maneno "Core i5, safi kama mpya", shilingi 950,000, tuma pesa kwa simu nasi tutapakia mzigo kwenye basi. Tofauti ni shilingi 250,000. Kwa mwanafunzi hizo si fedha ndogo. Afanye nini?

Kwanza: Ujue unachonunua

Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya gharar, yaani biashara ambayo ndani yake mna kitu kisichojulikana kinachoweza kumdhuru mmoja wa wawili. Lakini alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla ya mavuno, na hakuwazuia. Aliwaamuru tu kwamba anayelipa mapema alipie kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Hii ndiyo biashara ya salam. Tunajifunza hapa kwamba kununua kisichokuwa mbele ya macho yako si kosa kwa chenyewe. Linaloharibu ni kutojua.

Wanazuoni wakatenganisha mambo mawili. Liko la kununua kitu cha sifa fulani, chochote kitakachotimiza sifa hizo. Hicho chaweza kuuzwa kwa maelezo. Na liko la kununua kitu kile kile mahususi ambacho hujakiona. Hapo, katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu tumeyasoma madrasa, kauli yenye nguvu ni kwamba mauziano hayasihi. Imamu Abu Hanifa aliyaruhusu, lakini akampa mnunuzi hiari ya kukubali au kukataa atakapokiona.

Sasa ilete kanuni hiyo kwenye laptopu. Laptopu mpya iliyofungwa kiwandani ina ndugu zake maelfu wa namba ile ile ya modeli. Ukiitaja namba umeitaja yote. Iliyotumika haina pacha. Betri yake imechoka kwa namna yake, bawaba zake zimelegea kwa namna yake, na huenda ina nywila ya kampuni iliyoitupa. Basi mpya waweza kuinunua kwa maelezo yaliyokamilika, bali iliyotumika inunue kwa macho.

Na maelezo yaliyokamilika ni yapi? "Core i5" peke yake si maelezo. Jina hilo limetumika tangu mwaka 2009, na chini yake mna mashine za vizazi vingi. Dai namba nzima. i5-4300U ni ya kizazi cha nne, na i5-8350U ni ya kizazi cha nane. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu Microsoft ilimaliza usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 rasmi inaanzia takriban kizazi cha nane. Uliza pia ukubwa wa RAM, na aina ya diski: SSD au ile ya zamani ya kuzunguka. Hicho ndicho kipimo na uzito wa zama zetu.

Pili: Aibu ya bidhaa iwekwe wazi

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye chakula alipodai kuwa ni mvua, akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu watu wakakiona, kisha akasema kwamba anayeghushi si katika sisi.

Ndugu yangu, nawe tia mkono ndani ya rundo. Ukiwa dukani, iwashe mashine mwenyewe. Bonyeza kila herufi ya kibodi. Jaribu kamera, spika na kila tundu la waya. Iunganishe na intaneti ya simu yako. Chomoa chaja uone betri inashukaje kwa nusu saa. Kwenye Windows, amri ya powercfg /batteryreport huonyesha betri ilikuwa na uwezo gani ilipotoka kiwandani na imebaki na kiasi gani. Hakikisha namba ya utambulisho iliyo chini ya mashine imeandikwa kwenye risiti, na waranti iwe kwa maandishi. Muuzaji anayekasirika ukikagua amekwisha kukujibu.

Mtandaoni kuna rundo la namna nyingine: sifa za uongo. Mtume (s.a.w.) alikataza najash, yaani mtu kupandisha bei ya bidhaa asiyokusudia kuinunua ili amhadae mwingine. Anayelipwa aandike "nimenunua, nzuri sana" ilhali hakununua anafanya jambo linalofanana nalo. Basi usihesabu nyota. Tafuta anuani ya duka na mtu unayemjua aliyenunua pale.

Tatu: Hiari ya kurudisha

Wauziana wawili wana hiari madamu hawajaachana; wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa, wakificha na kudanganya baraka hufutwa. Na aibu ya zamani ikigunduliwa baadaye, mnunuzi ana haki ya kurudisha. Mwaka 1990 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilijadili mikataba ya watu walio mbali kwa vyombo vya mawasiliano, likaikubali kwa masharti yake. Hapa Uganda, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe na kutaja bei kamili, na inampa mnunuzi muda mfupi wa kughairi. Lakini haki hiyo utamdai nani, ikiwa unayemjua ni namba ya simu tu?

Nne: Amana ya mnunuzi

Tumezoea kumwonya muuzaji. Nasi je? Yuko anayemchosha mwenye duka saa nzima akijaribu mashine, hali ameshaazimia kununua kwingine. Yuko anayeagiza laptopu, akaandikia ripoti yake ya mwisho, kisha akairudisha akidai ina kasoro. Na yuko mwenzetu anayeweka kwenye simu yake picha za laptopu asizozimiliki na kupokea fedha, ilhali Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Ukitaka kazi hiyo, sema wazi kwamba wewe ni wakala na ujira wako ni kiasi fulani.

Turudi kwa dada yetu

Mashine ya Kampala imetumika, haijulikani namba, na fedha zinatakiwa kabla. Kwa hali hiyo aiache. Ile 250,000 si akiba; ni bei ya kutojua. Lakini kabla hajaenda duka la Mbale, ana njia ya tatu. Amwombe ndugu wa jumuiya yetu aliyeko Kampala awe wakala wake: aende dukani, aikague, ndipo alipe. Jicho la wakala ni jicho lako. Muuzaji akikataa kukaguliwa, hakuna kilichopotea. Na akitaka mpya ya mtandaoni, wakubaliane kwamba mauziano yatafungwa mzigo ukifika na kufunguliwa, na malipo ni hapo hapo.

Kahawa ya baba ni amana. Allah atuwafikishe katika halali na atubarikie ndani yake. Amin.

Maswali ya halaka

1. Kwa nini laptopu mpya na iliyotumika hazina hukumu moja zikiuzwa kwa maelezo?
2. Taja tangazo uliloliona wiki hii. Ni kipi ndani yake hakijulikani?
3. Tawi letu laweza kupanga vipi ndugu wa kuwakagulia wenzao walio mbali?