Uandishi wa Maelekezo: Shughuli ya Sanaa kwa Watoto wa Chekechea

Mtahiniwa, maelekezo ni utungo unaomwonyesha msomaji jinsi ya kutenda jambo hatua kwa hatua. Huonekana mepesi, lakini wengi hupoteza alama hapa kwa kusahau kwamba msomaji hayuko nao. Ukiruka hatua, hawezi kukuuliza, atakosea.

Swali la mfano

Mwalimu wa chekechea iliyo jirani na shule yenu amekuomba uandike maelekezo ya shughuli moja ya sanaa isiyohitaji vifaa ghali. Maelekezo hayo yatabandikwa ukutani. Yaandike.

Sehemu ya jibu

KUFINYANGA KWA UNGA

Vifaa: unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, maji kikombe 1, beseni, na vipande vya boksi. Kiasi hiki kinatosha watoto watano.

Tahadhari: Unga huu una chumvi nyingi na haujapikwa. Haufai kuliwa. Waeleze watoto kabla ya kuanza, na mtu mzima asiondoke mezani.

Hatua:
1. Changanya unga na chumvi vikiwa vikavu.
2. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikanda. Acha kuongeza mara donge linaposhikamana.
3. Kanda kwa dakika 5 hadi donge liwe laini na lisinate mikononi. Likinata, nyunyiza unga kidogo.
4. Mpe kila mtoto kipande kinachoenea kiganjani mwake, na boksi la kufinyangia.
5. Mwache afinyange apendacho: nyoka, chungu au herufi ya kwanza ya jina lake. Usimfinyangie, vidole vyake ndivyo vinavyojifunza.
6. Wanawishe watoto mikono wamalizapo.
7. Andika jina la kila mtoto kwenye boksi lake, kisha anika kazi zao mahali penye hewa kwa siku kadhaa. Zikikauka kabisa, zinaweza kupakwa rangi.

Uchambuzi

Kwanza, tazama mahali tahadhari ilipo. Kama ingeandikwa baada ya hatua ya 7, nani angeisoma kwa wakati? Mtoto wa miaka minne hushika kitu kisha akakitia kinywani. Onyo hutangulia hatari.

Pili, tazama vitenzi. Kila hatua inaanza na kitenzi cha kuamuru: changanya, ongeza, kanda. Kiambishi cha yambwa kinapoingia, kiishio -a hugeuka -e: mwache, wanawishe. Anayeandika "mwacha" au "wanawisha" amekosea sarufi. Katika kukanusha tunapata usimfinyangie.

Tatu, kipimo peke yake hakitoshi. Vikombe hutofautiana, na unga pia. Ndiyo maana hatua ya 2 na ya 3 zinatoa dalili ya kuangalia: donge lishikamane, lisinate. Hatua ya 3 inasema pia la kufanya mambo yakienda kombo.

Nne, usichanganye hatua na hadithi. Sentensi kama "Siku moja nilifinyanga na wadogo zangu tukafurahi sana" haimsaidii mwalimu mwenye watoto watano wanaomsubiri.

Zoezi

Andika maelekezo ya kuwaongoza watoto wa chekechea kuchapa michoro kwa kiazi kilichokatwa na kuchovywa rangi. Kabla ya kuandika, jiulize:
(a) Ni nani atakayeshika kisu, na hilo litasemwa wapi?
(b) Kwa nini kiazi kifutwe kwa kitambaa kabla ya kuchovywa? (Dokezo: maji ya kiazi huizimua rangi.)
(c) Watoto watajuaje kwamba rangi waliyochovya imezidi?

Ukimaliza, mpe mwenzako asome bila kumweleza lolote. Swali lolote atakalokuuliza ndiyo hatua uliyoisahau. Irudishe mahali pake.