NONDO WA MATUNDA: ANAFANYA NINI USIKU TUKILALA?

Mkulima wa machungwa huku Voi, au wa avokado kule juu Wundanyi, anaijua hasara hii. Tunda linageuka manjano kabla ya wakati wake, linaanguka, na ukilipasua unakuta kiwavi ndani. Wengi wetu hukimbilia dukani kununua dawa, tukapiga asubuhi, na wiki ya pili matunda bado yanaanguka. Pesa zimekwenda. Hebu basi tujifunze ratiba ya mdudu huyu.

Kwanza tuhakikishe ni yeye. Mabuu ya nzi wa matunda huwa mengi katika tunda moja, tena hayana miguu wala kichwa cha kuonekana. Kiwavi wa nondo ana kichwa cha kahawia na miguu, na akikomaa mwili wake huwa wa rangi ya waridi. Mara nyingi utamkuta mmoja tu, kwa sababu wakiwa wadogo hulana wenyewe kwa wenyewe! Wataalamu humwita Thaumatotibia leucotreta. Ni mdudu wa hapa hapa Afrika, na watafiti wa ICIPE wamemchunguza kwenye avokado za milima ya Taita.

Mchana nondo mzima hutulia kivulini ndani ya mti, mabawa ameyakunja, rangi yake kama gamba la mti. Ukipita hapo humwoni. Giza likiingia ndipo anaamka. Jike hamtafuti dume. Hukaa mahali pake na kutoa harufu kutoka ncha ya tumbo lake, harufu ambayo sisi hatuisikii. Dume huinasa kwa vipapasio vyake, akaifuata dhidi ya upepo mpaka amfikie. Baada ya kupandana, jike hutaga jioni na usiku, yai moja hapa, jingine pale, juu ya ganda la tunda. Maishani mwake anaweza kutaga mamia. Yai ni bapa, dogo kuliko kichwa cha pini.

Kiwavi akishatoka kwenye yai hutoboa na kuingia ndani. Kuanzia hapo dawa ya kupuliza haimpati, hata ukiipiga kila siku. Akikomaa hutoka, hujiangusha chini na kujifungia kwenye udongo, halafu anatokea nondo mpya. Hana msimu wa kulala. Katika joto la Voi mzunguko huu huenda haraka kuliko kwenye baridi ya milimani.

Ipo mitego yenye harufu ya jike iliyotengenezwa kiwandani. Ni mizuri, lakini inanasa madume tu, na dume mmoja aliyebaki anaweza kupanda majike kadhaa. Mtego unakuonyesha nondo wameanza lini. Usiutegemee peke yake kuwamaliza.

Kazi kubwa ni ya mikono. Okota matunda yaliyoanguka angalau mara moja kwa wiki, chuma na yale yaliyotobolewa mtini, uyafukie shimo la kina cha nusu mita. Kuyatupa ukingoni mwa shamba ni kumlea kiwavi. Wanaouza nje wajue kwamba tangu 2018 Umoja wa Ulaya umeweka masharti makali juu ya mdudu huyu kwa machungwa na pilipili.

Tena angalia mapera na mbarika zilizo karibu, kwani huko pia huzaliana. Kama mpera ni wa jirani, zungumzeni mwokote siku moja.