Kutia Maleba Nakshi kwa Kiazi

Wanachama wenzangu, kukodisha maleba ni ghali, na malkia wa mchezo wetu alitakiwa awe na gauni kufikia Ijumaa. Nilinunua marekani, kitambaa kilichopata jina hilo kwa kuwa katika karne ya 19 kililetwa pwani na meli za Marekani.

Kwanza kifue kwa sabuni na maji moto. Marekani mpya ina wanga wa kiwandani, nao huzuia rangi isiingie kwenye nyuzi. Kata vipande vya gauni lakini usishone bado, kwani chapa hutaka kitambaa kilicholala sawa mezani juu ya blanketi kuukuu.

Kata kiazi katikati, chonga umbo, kisha kikaushe, maana maji yake huifanya rangi itiririke. (Mama bado anauliza viazi vyake viko wapi.) Paka rangi ya nguo kwa sponji, usichovye. Jaribu kwenye gazeti. Maumbo yawe kama kiganja. Vidoto vidogo mtu wa nyuma ukumbini havioni, kazi bure! Ikikauka, piga pasi upande wa ndani ili rangi ishike, ndipo ushone.

Ijumaa, hata waliosimama mlangoni waliyaona majani ya pindoni.