SOMO LA WIKI: Nyumba ya kale mjini Bath, na gharama ambazo tangazo halizitaji

Tangazo la nyumba ya kale katika mji wa Bath, kusini magharibi mwa Uingereza, kwa kawaida huwa fupi: ghorofa nne au tano, jiwe la rangi ya asali, enzi za akina Mfalme George, na bei. Mnunuzi mgeni hukadiria kodi ya pango atakayopata kwa mwaka, huilinganisha na bei hiyo, kisha huridhika. Wiki hii tunaangalia mahali hesabu hiyo inapovuja.

Kwanza tujue kinachouzwa. Wafalme wanne walioitwa George walitawala Uingereza mfululizo kuanzia 1714 hadi 1830, na nyumba za mjini za wakati huo zimebaki na jina lao. Ni nyumba nyembamba zilizopanda juu, zikigusana ukuta kwa ukuta. Matajiri walifika Bath msimu kwa msimu kufuata maji ya moto na starehe, nao walihitaji mahali pa kupanga. Kwa hiyo nyumba hizi zilikuwa mali ya biashara tangu siku ya kwanza.

Hata ujenzi wake ulikuwa wa kibiashara. John Wood Mzee alikodi ardhi ya Robert Gay kwa miaka 99, akachora sura ya mbele ya majengo, kisha akawagawia wajenzi viwanja kwa masharti kwamba mbele pafuate mchoro wake. Nyuma kila mmoja alijenga alivyopenda na alivyomudu. Mwanawe, John Wood Mdogo, alijenga Royal Crescent kati ya 1767 na 1774: nyumba 30 zilizopangwa kama mwezi mwandamo, mbele zikionekana kama jumba moja la kifalme. Zunguka nyuma uone: paa hazilingani na madirisha hayafuatani. Mkaguzi wa majengo anayejua kazi yake huanzia huko.

Mikopo nayo ilileta balaa lake. Mwaka 1793, vita na Ufaransa vilipoanza, benki ya Bath City Bank ilianguka na wajenzi wengi wakaanguka nayo, akiwemo Thomas Baldwin, mchoraji mashuhuri wa majengo mjini humo. Camden Crescent, ambako mlima uliteleza wakati wa ujenzi, haikukamilika mpaka leo. Anayeamini kwamba nyumba ya mawe katika mji mzuri haiwezi kumpa hasara mwekezaji akaitazame safu hiyo.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo wengi huumia. Nyumba nyingi za namna hii zimo katika orodha ya majengo yanayolindwa, na Royal Crescent yote iko daraja la kwanza. Chini ya sheria ya 1990, huwezi kubadilisha sura au umbile la jengo kama hilo, nje wala ndani, bila kibali cha baraza la mji. Kuvunja ukuta baina ya vyumba viwili, kung'oa meko ya zamani au kuweka madirisha ya plastiki bila kibali ni kosa la jinai, na kifungo chake chaweza kufika miaka miwili.

Lakini hatari kubwa kwa mnunuzi ni kazi iliyofanywa na mwingine. Baraza linaweza kumwamuru mmiliki wa leo arudishe kilichovunjwa na mmiliki aliyemtangulia, na amri hiyo haina ukomo wa muda. Anayenunua nyumba yenye ukuta uliotoweka ananunua pia deni la kuujenga upya. Wakili wako adai vibali vyote, avilinganishe na nyumba yenyewe chumba kwa chumba. Bima ya kufidia kasoro za vibali hupatikana, ila haikurudishii miezi utakayokaa bila mpangaji.

(Mabaraza hayashindi kila mara. Katika miaka ya 1970 mwenye nyumba namba 22 Royal Crescent alipaka mlango wake rangi ya njano wakati milango mingine ni myeupe. Akaamriwa aubadilishe, akakata rufaa, akashinda.)

Matengenezo ni ghali kwa sababu jiwe la Bath hunyonya maji na linahitaji kupumua. Fundi akiliziba kwa saruji badala ya chokaa, unyevu hukwama ndani na uso wa jiwe hubanduka. Tangu Oktoba 2012 msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa mabadiliko yaliyoidhinishwa katika majengo haya uliondolewa, kwa hiyo kazi hutozwa asilimia 20.

Kisha kuna ushuru wa kununua. Tuchukue nyumba ya paundi 1,500,000. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, ushuru wa kawaida ni paundi 93,750. Ukiwa tayari na nyumba nyingine, hata kama iko Dar es Salaam au Muscat, na hii mpya haichukui nafasi ya makazi yako makuu, huongezwa asilimia 5 ya bei yote, yaani 75,000. Kama hukukaa Uingereza angalau siku 183 katika miezi 12 kabla ya kununua, huongezwa asilimia 2, yaani 30,000. Jumla ni paundi 198,750, kabla hujamlipa wakili wala fundi.

Wenye mtaji mdogo huelekea kwenye fleti, kwani nyumba nyingi za aina hii zimeshagawanywa. Hapo uliza kwanza miaka iliyobaki kwenye mkataba wa ardhi, kwa kuwa ikipungua chini ya 80 kuikopea fedha huwa kugumu. Uliza pia nani hulipia paa. Anayeishi ghorofa ya chini hulichangia sawa na wengine, ingawa halioni.

Na usihesabu ushindi mapema. Nchini Uingereza, muuzaji akisema ndiyo bado hajafungwa. Pande zote hufungwa siku ya kubadilishana mikataba, ambapo mnunuzi kwa desturi huweka asilimia 10. Kabla ya siku hiyo muuzaji anaweza kumkubali anayetoa zaidi, nawe ukabaki na ankara za mkaguzi na wakili.