Mizani ya Tarakimu Ghalani

Tumbaku ya Mpanda husindikwa mbali, Morogoro, ambako kompyuta hufuata kila robota kwa namba yake. Hata hivyo malipo ya mkulima hutokana na uzito uliosomwa hapa hapa, katika ghala la chama cha msingi.

Mizani ya kidijitali haina mshale. Chini ya bamba lake mna kipande cha chuma kinachopindika kidogo mno mzigo uwekwapo. Umeme hupima kupindika huko, na tarakimu hutokea. Kwa kuwa zinang'aa, wengi huziamini kupita kiasi. Bamba likiegemea upande, au sifuri isiporejeshwa, huenda kilo zikapungua katika kila robota. Yampasa katibu, kabla ya kupokea robota la kwanza, aweke juu yake jiwe la kilo 20 lililohakikiwa na Wakala wa Vipimo, wanachama wakishuhudia.