MGENI ALIYE PEKE YAKE: FUNZO LITOKALO UJIJI

Wasomaji wetu wa Kidahwe wakaa penye njia panda. Barabara itokayo Kigoma hugawanyika hapo, moja ikashika njia ya Kasulu na moja ya Uvinza. Basi haipiti siku asipoonekana mtu na mzigo wake, naye mara nyingi yu peke yake, aenda mji asioujua. Huenda ni kijana atafutaye kazi, au mama aendaye hospitali, au mwanafunzi aendaye shule ya mbali. Katika somo hili twataka kueleza habari ya zamani iliyotukia Ujiji, tupate kujua ni kitu gani kimwokoacho mgeni, na ni kitu gani kimponzacho.

Mwezi wa Januari 1869, Daktari David Livingstone alikuwa upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, naye aliugua sana kifua. Sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa miaka miwili kabla ya hapo, na nguvu za kutembea zilikuwa zimemwisha. Aliyemwokoa ni Mohamad bin Gharib, mfanya biashara wa pembe na watumwa. Bwana huyu hakuwa ndugu yake, wala mtu wa dini yake, wala hakufungwa naye kwa mapatano yo yote. Hata hivyo alimtafutia dawa, akaamuru atengenezewe machela, na watu wakambeba hata ukingo wa ziwa. Kisha wakaendelea kwa mitumbwi, wakafika Ujiji tarehe 14 Machi 1869.

Mwaka wa 1871 Livingstone alirudi Ujiji mara ya pili, kutoka Manyema, amekonda na miguu yauma. Tumaini lake lote lilikuwa nguo na shanga alizoletewa kutoka Unguja, maana siku zile nguo na shanga ndizo zilizokuwa fedha za safari. Alipofika alikuta mtu aliyekabidhiwa mali ile amekwisha kuiuza yote, akitoa udhuru kwamba alipiga bao akaona ya kuwa mwenyewe amekufa. Ndipo alipokuja Seyyid bin Majid, Mwarabu wa pale pale Ujiji, akamwambia kwamba hana bidhaa mkononi, lakini yu tayari kuuza pembe zake ampe thamani yake. Livingstone alishukuru, akamwomba angoje kwanza, kwa kuwa alikuwa na akiba kidogo aliyoiacha nyuma. Baada ya siku chache aliwasili Henry Stanley na msafara wake, na shida ile ikaisha.

Na tuangalie vema jambo hili. Yule aliyelipwa kumtumikia ndiye aliyemnyang'anya, na yule asiyedaiwa hata senti moja ndiye aliyekuja kwa hiari yake na msaada. Kwa hiyo msafiri asidhani kwamba kila mtu amjuaye ni salama, wala kwamba kila mtu asiyemjua ni adui. Mtu hujulikana kwa atendalo.

Lakini walimu wasimalize somo hapa, maana limebaki neno lililo zito zaidi. Njia zile zile zilizomleta Livingstone Ujiji zilileta na watumwa, wamefungwa minyororo. Hao nao walikuwa wageni. Kila mmoja alikuwa peke yake kuliko Livingstone, kwa sababu ametengwa na mama yake, na lugha yake, na hata jina lake. Ni nani aliyewapokea hao? Mkono uliombeba mgonjwa mmoja kwa huruma ndio uliowafunga wengine kamba. Livingstone aliupokea wema wa wafanya biashara wale, wala hakuukana, lakini hakuacha kuyaandika maovu ya biashara yao. Mwezi wa Julai 1871 aliona kwa macho yake watu wakiuawa kwa bunduki sokoni Nyangwe, akaiandika habari hiyo ikafika Uingereza. Mwaka wa 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa. Funzo ni hili: ukarimu uchaguao mtu wa kumfadhili na mtu wa kumdhulumu haujatimia.

Wazee wetu walijua kwamba wema wa mtu mmoja mmoja hautoshi, wakaufanya desturi. Katika njia za misafara, Wanyamwezi na makabila ya pwani walifungamana kwa utani. Mtani aliyefika ugenini aliweza kudai chakula na kutukana kwa mzaha bila kugombana, na akifa huko watani wake walikuwa na wajibu wa kumzika. Hivyo mtu asiye na ndugu alipata ndugu. Vijana wengi wa Buha waliokwenda mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro, walioitwa manamba, nao walihitaji ndugu wa namna hiyo katika nchi ya mbali.

Wala jambo hili si la zamani tu. Mwezi wa Mei 1972, na tena Mei 2015, watu wengi walikimbia Burundi wakaingia nchi yetu. Mwaka huo wa 2015 maelfu walikwama Kagunga, ukingoni mwa ziwa, na kipindupindu kikawaingia. Meli Liemba, iliyoshushwa majini Kigoma mara ya kwanza mwaka 1915, iliwachukua safari baada ya safari mpaka Kigoma. Miongoni mwao walikuwamo watoto waliopotezana na wazazi wao.

Basi msafiri ashike haya. Kwanza, awaage watu wa kwao na kuwaambia aendako. Pili, afikapo mji mgeni aulize njia kwa mtu aliye kazini mahali pa wazi, kama muuza duka au karani wa stesheni, wala asimfuate amwitaye pembeni. Tatu, asimkabidhi mtu mmoja fedha zake zote. Msiba wa Livingstone ulianza hapo. Nne, akipokewa nyumbani kwa watu, asikae bure, kwa maana mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Na mwenyeji ashike moja tu: amwonapo mtu amesimama na mzigo wake jua likichwa, asingoje aombwe. Amwulize atokako na aendako, na kama ni usiku amwonyeshe mahali pa kulala. Wakubwa wa vijiji na walimu waweza kuanza wao wenyewe, wakijulisha watu ni nyumba gani mgeni apelekwe kwanza. Mgeni njoo, mwenyeji apone.